Simu Chuoni: Tuizuie au Tuifunze Adabu?



 

Ndugu msomaji, hapa kwetu pwani neno "chuo" lina maana mbili. Mzee wa miaka sabini akikwambia "nilipokuwa chuoni", anakusudia mahala kama hapa petu: mkeka, juzuu, ubao wa wino na bakora ya maalim. Mjukuu wake akisema "niko chuoni", anakusudia chuo kikuu: ukumbi wa watu mia tatu, projekta, na simu mkononi. Kwa miaka mingi tulidhani kwamba vyuo hivi viwili havina kinachoviunganisha zaidi ya hilo jina. Mwaka huu tumelazimika kufikiri upya. Makala haya tunayaandika kwa niaba ya walimu wa madrasa, na tunayaanza kwa kukiri kosa.

USHAURI TULIOUTOA

Miaka mitatu iliyopita mzazi mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri. Binti yake, aliyehitimu Qur'ani hapa hapa na kuwa miongoni mwa wanafunzi wetu bora, alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu katika chuo kikuu kimoja. Mzazi alikuwa na suala moja tu: "Masheikh, kaka zake wananiambia nimnunulie simu kubwa, eti huko chuoni hawezi kusoma bila ya simu. Mimi naogopa. Nyinyi mnasemaje?"

Hatukufikiri sana. Tulimwambia: mpe simu ya tochi, apige na apokee, inatosha. Vitabu viko maktaba, walimu wako darasani, na huko kwenye mitandao hakuna ila fitna. Mzee wa watu alifurahi, kwa sababu tulimwambia lile alilotaka kulisikia, na gharama yake ilikuwa ndogo. Akaenda zake.

Muhula wa kwanza ulipomalizika binti alirudi nyumbani na khabari mbaya. Mhadhiri wa somo moja alikuwa ameirudisha nyuma siku ya jaribio, na tangazo akalitoa usiku katika kundi la WhatsApp la darasa. Wenzake wote walijua. Yeye alifika siku ile ya mwanzo, akakuta ukumbi mtupu. Jaribio lilikuwa limefanywa siku mbili kabla. Alipokwenda kujieleza akaambiwa kuwa tangazo lilitolewa na kila mtu aliliona. Katika kazi ya vikundi ya somo hilo hilo, wenzake waligawana sehemu zao kwenye simu, na jina lake likasahauliwa. Ikambidi alirudie somo lile mwaka uliofuata, na baba yake akaingia katika deni la ada.

Alipokuja kutusalimia hakutulaumu. Alisema tu: "Maalim, mimi nilikuwa nikienda darasani kila siku. Kumbe darasa liko kwingine."

Maneno hayo yalituuma, na yanatuuma hadi leo. Tulitoa ushauri juu ya jambo tusilolijua, na aliyelipa ni mtoto. Tunamuomba radhi yeye na mzazi wake, hapa mbele ya wasomaji wetu wote. Na kwa kuwa kila mwaka vijana wetu wanatoka hapa kwenda vyuoni, na wazazi wanatujia na suala lile lile, tumeona ni wajibu tuulize, tusome, kisha tuseme tena, safari hii kwa ujuzi.

CHUO KIMOJA, VITU VIWILI

Chuo kikuu cha Harvard, huko Marekani, kimetoa vitu viwili vinavyolihusu suala letu.

Cha kwanza ni njia ya kusomesha. Profesa Eric Mazur alianza kusomesha fizikia pale mwaka 1984. Kwa miaka kadhaa alijiona ni mwalimu hodari, maana wanafunzi wake walimsifu na walifaulu mitihani. Kisha akawapa jaribio la maswali yanayoonekana mepesi, yasiyotaka hesabu ndefu. Mfano: lori zito likigongana na gari dogo, lipi linalomsukuma mwenziwe kwa nguvu zaidi? Jawabu ni kwamba nguvu ni sawa sawa pande zote mbili. Wanafunzi waliokuwa wakizikokotoa hesabu ngumu kabisa waliteleza hapo. Mmoja wao alimuuliza profesa ayajibu vipi maswali yale: kama alivyofundishwa, au kama anavyoyafikiri mambo hayo yeye mwenyewe. Profesa akatambua kwamba kumbe alikuwa akisema peke yake. Wanafunzi walikuwa wameyahifadhi maneno yake, lakini fikra zao hazijaguswa.

Tangu mwaka 1991 akabadilisha mwendo. Anaeleza kwa muda mfupi, kisha anaweka swali lenye majibu ya kuchagua. Kila mwanafunzi anafikiri kimya kimya na kuchagua jawabu lake. Halafu anamgeukia jirani yake, kila mmoja anatoa hoja, na baadaye wanachagua tena. Mwalimu anaona wazi wangapi wamefahamu na wangapi wamepotea, na hapo anajua aende mbele au arudi nyuma. Mwanzoni walijibu kwa kunyanyua mikono na kadi. Baadaye vikaja vidude vidogo mfano wa rimoti ya televisheni vinavyopeleka majibu kwenye kompyuta ya mwalimu, na leo kazi hiyo hufanywa kwa simu. Mwaka 1997 aliiandikia kitabu, na njia hiyo imeenea katika vyuo vya nchi nyingi.

Cha pili ni Facebook. Ilianzishwa katika chuo kikuu hicho hicho, Februari 2004, na wanafunzi waliokuwa wakikaa bwenini. Mwanzo iliwahusu wanafunzi wa pale tu, kisha wa vyuo vyengine, hadi Septemba 2006 ilipofunguliwa kwa kila mwenye miaka 13 na zaidi. Kwa hivyo mtandao huu tunaodhani umevamia vyuo, ulizaliwa chuoni ukatoka nje. Lakini haukutengenezwa kwa ajili ya somo. Ulitengenezwa ili watu watazamane na wajuane, na faida ya mwenye mtandao inapatikana kwa kadiri mtu anavyokaa akitazama.

Basi kimoja kilibuniwa ili mwanafunzi afikiri na ajibu, na kingine ili aendelee kutazama. Leo vyote viwili vimo ndani ya simu moja, na hapo ndipo ulipo mtihani wetu.

Wapo wahadhiri waliojaribu kuutia mtandao wenyewe katika kazi ya somo. Mwaka 2009, katika Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Dallas, Dk. Monica Rankin alikuwa na darasa la historia la wanafunzi wapatao 90. Wingi huo haukuruhusu kila mtu kusema. Akawaambia waandike maoni yao kwenye Twitter, ambayo tangu 2023 inaitwa X, na maoni yakawa yanaonekana kwenye skrini mbele ya darasa. Wakati huo ujumbe mmoja haukuweza kuzidi herufi 140, kwa hivyo hapakuwa na nafasi ya kufafanua jambo kwa kina. Hata hivyo watu wengi zaidi walipata kushiriki kuliko ambavyo mjadala wa mdomo ungeliwezesha.

Lakini tusidhani kwamba chombo ndicho kilichofanya kazi. Mwaka 2008 mwalimu wa fizikia wa Canada, Nathaniel Lasry, alichapisha matokeo ya kulinganisha wanafunzi wa chuo waliojibu kwa vidude vya umeme na waliojibu kwa kadi za karatasi, wote wakisomeshwa kwa njia ile ya Mazur. Katika kulifahamu somo hakukuonekana tofauti ya maana baina yao. Faida ilitoka kwenye swali na kwenye kujadiliana, na kidude kilikuwa mbebaji tu.

Kwetu mambo haya yalichelewa. Mkongo wa SEACOM unaopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea zaidi satelaiti, ikawa ghali na ya polepole. Simu zikaenea. Kisha Machi 2020 vyuo vya Tanzania vikafungwa kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19, vikaja kufunguliwa tarehe 1 Juni. Kwa wengi kundi la WhatsApp ndilo lililobaki kuwa uzi baina ya mhadhiri na wanafunzi wake. Vyuo vilifunguliwa, na makundi yakabaki. Binti yetu aliingia chuoni baada ya hapo, na simu yake ya tochi mkobani.

SUALA LA MTENDE

Sasa turudi kwetu. Imamu Bukhari, katika Kitabu cha Elimu cha Sahihi yake, amepokea hadithi kutoka kwa Abdullahi bin Umar (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliwauliza Maswahaba wake juu ya mti ambao majani yake hayapukutiki, na ambao mfano wake ni kama Muislamu: mti gani huo? Mawazo ya watu yakaenda kwenye miti ya jangwani. Ibn Umar, aliyekuwa kijana mdogo, moyoni mwake alijua kuwa ni mtende, lakini aliona haya kusema. Walipokosa jawabu wakamuomba Mtume awaambie, naye akawaambia ni mtende. Baadaye kijana alimueleza baba yake, Sayyidna Umar (R.A.), kuwa alilijua jawabu, na baba akamuonesha kwamba lau angelisema, furaha yake ingelikuwa kubwa mno.

Tumeisomesha hadithi hii mara nyingi kama ni hadithi ya sifa za Muislamu, na ndivyo ilivyo. Mwaka huu tumeisoma tena kama walimu. Mbora wa walimu hakutoa maelezo kwanza. Aliuliza, akawaacha watu wafikiri, wakosee, watamani kujua, ndipo akajibu. Na katika baraza ile alikuwemo aliyejua akanyamaza, kwa haya mbele ya wakubwa.

Kila darasa lina Ibn Umar wake. Mtie msichana wa shamba katika ukumbi wa watu mia tatu, Kiingereza chake kizito, mbele yake vijana wa mjini wanaosema bila ya kigugumizi. Mhadhiri akiuliza, yeye anajua, lakini mkono haunyanyuki. Binti yetu alitwambia kwamba mwaka mzima wa kwanza hakusema neno hata moja katika ukumbi ule. Haya ni katika imani, na hatutaki iwatoke watoto wetu; lakini Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Kwa hivyo chombo kitakachompa mwenye haya njia ya kujibu, bila ya vichwa mia tatu kumgeukia, ni chombo chenye kheri ndani yake.

Na chuo chetu cha zamani kilikuwa na jambo hili bila ya umeme. Kila mtoto alikuwa na mahala pake katika juzuu. Maalim alimsikiliza mmoja mmoja, na wakati akimsikiliza huyu, mkubwa alikuwa akimsomesha mdogo pembeni, naye mkubwa akizidi kufahamu kwa kusomesha. Hapakuwa na pa kujificha. Tuseme kweli: siku hizi na sisi tumeiacha njia hiyo. Madarasa yamejaa, tunawasomesha watoto sitini kwa pamoja, wanaitikia kwa sauti moja inayosikika hadi barabarani, na sisi tunafurahi. Ndani ya sauti ile wamo wasiojua kitu, wanaofungua mdomo na kufuata mkumbo. Profesa wa Harvard alitambua kwamba alikuwa akisema peke yake. Na sisi tujiulize, je, hatusemi peke yetu?

TULIVYOJARIBU WENYEWE

Aliyetuletea khabari za kadi ni binti yule yule. Sasa yuko mwaka wa tatu, na njia ya Mazur ni katika mambo waliyosomeshwa. Likizo iliyopita alikata makasha ya maboksi, akayapaka rangi nne, akampa kila mwanafunzi wa darasa la fiqhi kadi nne. Kisha akatwambia sisi walimu tuulize.

Tuliuliza hivi: mtu ametia udhu akiwa na yakini, kisha baadaye akaingiwa na shaka kama umetenguka au la. Afanye nini? Tukaweka majibu manne. Wanafunzi wale wote wanayajua yanayotengua udhu kwa moyo. Ukiwaamsha usiku wa manane watakuhesabia. Kadi zilipopanda, zaidi ya nusu walisema lazima atie udhu upya. Tulishangaa, maana tulikuwa tumeshalisomesha somo hilo na kulifunga.

Tukawaambia kila mmoja amgeukie jirani yake na amueleze kwa nini amechagua alivyochagua. Darasa likawa na zogo. Mtoto mmoja, ambaye katika miaka miwili hatukuwahi kumsikia ila kwenye kuitikia, alikuwa akimwambia mwenziwe: "Yakini haiondoki kwa shaka. Wewe una hakika ulitia, huna hakika umetenguka. Sasa kipi chenye nguvu?" Tulipouliza mara ya pili, kadi nyingi zilikuwa za rangi ya jawabu sahihi: udhu wake bado upo. Kazi yote ilichukua dakika kumi, na hatukutumia hata shilingi moja ya bando.

UPANDE WA PILI

Tusije tukaonekana tumegeuka kuwa mawakala wa makampuni ya simu. Wazee wanaosema kuna fitna ndani yake wana haki, na ushahidi upo.

Mwaka 2013 watafiti wa Canada walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi wa chuo kikuu waliokaa kwenye mhadhara na kompyuta zao. Waliokuwa wakifanya mambo mengine pembeni walipata alama pungufu kwa asilimia 11 kuliko wenzao. Ajabu ni kwamba hata waliokuwa wakiandika kwa kalamu na karatasi, lakini mbele ya macho yao kuna kompyuta ya mwenzao anayecheza, walipungukiwa kwa asilimia 17 kuliko waliokaa mahala wasikoziona. Hapa tunaukumbuka mfano wa mhunzi katika hadithi ya rafiki mwema na rafiki muovu: cheche zake humfika hata jirani. Anayefungua picha za mpira katikati ya somo asidhani anajidhulumu nafsi yake peke yake.

Na tunaye kijana wetu mwengine, ambaye hatukumshauri chochote. Yeye alikwenda na simu nzuri kuliko ya mhadhiri wake. Alikuwamo katika makundi yote: la darasa, la bweni, la mpira, la masuala ya mitihani iliyopita. Kila ilichotaka simu alikipata, ila usingizi na kusoma. Kazi za kuandika alikuwa akizipokea zimeshaandikwa, anabadilisha jina na kuzipeleka. Siku mhadhiri alipomtaka asimame aeleze alichokiandika, hakuweza. Alisimamishwa masomo muhula mzima. Mmoja alikosa darasa kwa kukosa simu. Mwengine alikosa darasa na simu iko mkononi.

Kuna na jambo la isnadi. Wanavyuoni wetu walisafiri miezi kwenda kuhakikisha hadithi moja: nani kasema, kamsikia nani, na je ni mkweli? Leo mwanafunzi wa chuo anapokea ujumbe usio na mwenyewe, "nimepokea kama ulivyo", naye anaurusha kwa watu mia mbili. Inaweza kuwa tarehe ya mtihani ya uongo, inaweza kuwa hadithi ya kutungwa. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuihakiki khabari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu bila ya kujua. Hata wenye WhatsApp waliona hatari hiyo, wakaweka kikomo Januari 2019 kwamba ujumbe usirushwe kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja. Ikiwa kampuni imeona haja ya kuweka mpaka, Muislamu aliyeamrishwa kuhakiki asingojee mpaka wa kampuni.

Mwisho, zimekuja programu za akili mnemba. ChatGPT ilitolewa kwa umma Novemba 2022, na wanafunzi wengi wanaitumia au wanatumia zinazofanana nayo. Unaandika suala, inakujibu kwa lugha fasaha, na mara nyengine inakosea kwa ufasaha ule ule. Ukiiuliza ikufafanulie ulilolisoma halijakuingia, kisha ukarudi kwenye kitabu ukahakiki, umejisaidia. Ukiiachia ikuandikie kazi yako, imesoma yeye na wewe umebaki ulivyo. Na kutia jina lako katika kazi ambayo hukuifanya ni udanganyifu, hata kama mhadhiri hajui.

MSIMAMO WETU

Tunasema kwamba simu chuoni isizuiwe. Ipimwe kwa kipimo kimoja chepesi: baada ya kuitumia, nani aliyejibu? Ikiwa ni mwanafunzi, kwa akili yake, na mwalimu akajua alipofika, chombo kimefanya kazi ya elimu. Ikiwa ni jirani, au kundi, au mashine, chombo kimemla.

Wazee wetu hawakuviogopa vyombo vipya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alianza kutoa karatasi ya Sahifa mwaka 1930, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Alikiona chombo kinachowafikia watu wasioweza kuhudhuria darsa, akakitumia kwa Kiswahili wanachokifahamu, na akabaki na adabu yake ya kielimu. Huo ndio mwendo tunaoutaka kwa vijana wetu.

Kwa wanafunzi:

1. Simu ikitakiwa na mhadhiri kwa kazi ya somo, itoeni. Isipotakiwa, iwe mkobani na si juu ya meza.

2. Tenganisheni kundi la somo na makundi ya soga. La somo lisomeni kila siku asubuhi na baada ya Isha. Ya soga yazimeni sauti.

3. Tangazo likija bila ya jina la aliyelitoa, msilirushe mpaka mumuulize mhusika.

4. Mambo ya somo yaulizwe kundini, mbele ya wote. Mtu yeyote, awe mwenzako au mkubwa wako, akikutumia ujumbe wa faragha usio na staha, usiufute na usinyamaze. Mwambie mzazi au mtu mzima unayemuamini. Haya isikunyamazishe hapo.

5. Katika kila darasa kuna mwenzako asiyekuwa na simu au aliyeishiwa na bando. Mpeni khabari. Binti yetu alikuwa na wenzake zaidi ya mia katika kundi lile, na hata mmoja hakukumbuka kumpitishia neno.

Kwa wazazi:

Mpeni mtoto simu ya kadiri, na bando mlihesabu pamoja na nauli na chakula. Lakini msimpe siku ya safari. Mpeni miezi kabla, akiwa bado nyumbani, mkae naye, mumuone anavyoitumia, mumfunze kuiweka chini. Anayejifunza kuogelea hatupwi mkondoni siku ya kwanza. Na anapopiga simu kutoka chuoni, msimuulize matokeo tu. Muulizeni: leo umeuliza nini darasani, na umejibu nini?

Kwa wahadhiri, na miongoni mwao wamo waliokaa kwenye mikeka hii hii:

Msiifanye simu kuwa mlango pekee wa darasa. Tangazo la kundini libandikwe na ubaoni. Siku ya mtihani isibadilishwe kwa ujumbe wa usiku. Mnapouliza suala, wapeni watu muda wa kufikiri, na mtafute njia ya kumsikia aliyekaa nyuma kabisa, iwe kwa simu, kwa kadi au kwa kipande cha karatasi. Mwanafunzi asiyeonekana kundini huenda akawa ndiye anayelijua jawabu.

Na sisi wenyewe tumeazimia kwamba kuanzia muhula ujao kila darasa la fiqhi na sira litakuwa na kadi zake, na kuitikia kwa pamoja kutabaki kwa nyiradi na kuhifadhi tu. Atakayetuona tunarudi kwenye mazowea atukumbushe.

Mzazi wa binti yule alikuwepo siku ya kadi. Alikaa kizingitini, kofia mkononi, akimuangalia mwanawe akiwasomesha walimu wake. Baada ya sala tulimwendea kumuomba radhi kwa mdomo kabla ya kuiandika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Masheikh, deni la ada nimeshalilipa. Mimi nimefurahi kumsikia anasema."

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, awalinde vijana wetu walioko vyuoni, na atufanye sisi walimu kuwa wenye kusikiliza kabla ya kusema. Amin.

Wabillahi tawfiq.